Mkono wa Bistra Umefika Tisini na Mbili

Saa moja na robo asubuhi, Bistra Gancheva anamvalisha suti mwanamume ambaye hakuwahi kuvaa suti maisha yake yote. Mwenyewe hana neno. Alifariki Machi.

Bistra anaifanya kazi hiyo kwa kalamu isiyo na wino, juu ya kishikwambi kilicholala mezani, kipana kama sinia la kuokea. Picha aliyoletewa inamwonyesha marehemu ukingoni mwa mto, yumo ndani ya fulana, amemkumbatia samaki, amekunja uso kwa jua. Kalamu inagusa mara moja, samaki hayupo. Inagusa tena, fulana imetoweka. Kisha suti inashuka kutoka juu na kumkaa vizuri mabegani.

Suti yenyewe ni moja tu. Bistra aliichora miaka kumi na mitatu iliyopita, akaihifadhi, na tangu hapo amewavisha wanaume zaidi ya mia sita wa mji wa Vratsa na vijiji vyake. Wachunga kondoo, madereva wa matrekta, walevi wawili mashuhuri na daktari wa meno, wote wamelala ndani ya suti hiyo hiyo na tai hiyo hiyo yenye mistari.

"Haijachakaa," anasema bila kuinua kichwa. "Nguo pekee mjini hapa isiyohitaji pasi."

Bistra ana umri wa miaka hamsini na minne, na kazi yake ni kuchora sura za mawe ya makaburi. Karakana inatazamana na lango la makaburi, kati ya duka la mishumaa na duka la maua ya plastiki. Mwenye karakana ni shemeji yake, Krastyo, mdogo wa marehemu mumewe.

"Vijana wote wamekwenda Hispania na Ujerumani," anasema Krastyo, akijipangusa vumbi la jiwe kwenye nyusi. "Wateja wangu ndio pekee ambao hawajaniaga."

Chumba cha nyuma, mashine inadonoa. Sindano yake ya almasi inagonga jiwe jeusi nukta kwa nukta, saa sita kwa sura moja, ikifuata mchoro uliotoka kwenye kishikwambi. Haiulizi swali. Ukiichorea mtu masharubu ya paka, atazikwa na masharubu ya paka.

Pembeni mwa kioo cha Bistra kuna kitufe kidogo kinachoteleza juu ya mstari, na kando yake nambari. Hiki ndicho kituliza mkono. Kikiwa sifuri, mstari unaonekana kama ulivyochorwa. Kikiwa mia, kishikwambi kinaupokea mstari, kinaukung'uta mitetemo yote, ndipo kinauonyesha, umenyooka kama wa mtu ambaye hajawahi kuogopa kitu.

Asubuhi hii nambari ni tisini na mbili.

Miaka saba iliyopita ilikuwa kumi, kwa anasa tu. Alipofiwa na mumewe ilikuwa thelathini. Daktari wa Sofia alipotamka kuwa ni ugonjwa wa Parkinson, ilikuwa imefika arobaini, na Bistra anakiri kwamba hakushtuka sana. Kishikwambi kilikuwa kimeshamwambia.

Anameza dawa saa kumi na mbili na nusu. Kuanzia saa moja hadi karibu saa mbili, mkono wa kulia unamtii. Baada ya hapo unafanya mambo yake. Kahawa anainywa kwa mkono wa kushoto, na kikombe kinajazwa nusu.

"Watu wananiuliza, ikifika mia je?" anasema. "Baada ya mia hakuna kitu. Nimetafuta. Kitufe kinagonga ukuta."

Kabla kitufe hakijagonga ukuta, Bistra anataka kuchora sura moja zaidi. Ni yake mwenyewe.

Huku, mume akitangulia, jiwe huwekwa la watu wawili. Upande mmoja sura yake na miaka yake. Upande wa pili sura ya mjane aliye hai, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi. Mjane huja kila Jumamosi ya Marehemu, siku ya kuwakumbuka wafu, na ngano yake ya kuchemsha na divai yake, akajitazama, akapangusa vumbi usoni mwake mwenyewe, akarudi nyumbani kupika. Bistra amechora wajane hai wasiopungua mia mbili. Upande wake yeye, kwenye jiwe la mumewe, Venelin, ni mtupu kwa mwaka wa nne.

"Nilikuwa nasema nitajichora nikipata nafasi," anasema. "Nafasi ninayo. Mkono ndio sina."

Anaweza kumwachia binti yake, Ralitsa, anayeishi Zaragoza, aje aagize sura kwa mtu mwingine wakati ukifika. Wazo hilo linamfanya aweke kalamu chini.

"Ralitsa ana picha yangu moja tu kwenye simu. Nimevaa kofia ya karatasi, napuliza mshumaa wa keki. Unataka nikae hivyo milele, nimevimbisha mashavu?"

Venelin ndiye aliyemfundisha kazi. Miaka ya tisini walichonga pamoja kwa mkono, kwa sindano ya chuma na nyundo ndogo, wakimpiga marehemu nukta elfu hamsini mpaka atokee. Venelin alikuwa na mkono mzuri kuliko wote wa mkoa. Vumbi la jiwe liliingia mapafuni mwake likakaa. Alikufa akiwa na miaka hamsini na mmoja, akikohoa unga wa kijivu.

"Yule alikuwa anajizika kidogo kidogo," anasema Krastyo. "Kila siku kijiko kimoja."

Vishikwambi viliingia karakana hiyo ili vumbi lipungue. Cha kwanza, mwaka 2003, hakikuwa na kioo. Kilikuwa ubao mweusi wenye waya. Mkono ulichora juu ya ubao, na mchoro ulitokea kwenye kompyuta upande wa pili wa meza. Bistra anasema ilikuwa kama kumlisha mtoto aliye chumba cha jirani. Mwezi mzima kila marehemu alitoka na pua shavuni.

Cha pili kilikuwa na kioo cha kuchorea juu yake, uzito wa jiwe la kusagia, nyaya tatu, na joto. Wakati wa baridi walikipigania wote wawili, si kwa kuchora. Muuzaji aliwajulisha kwa fahari kwamba kalamu yake inatambua ngazi elfu mbili za mkandamizo.

"Nikamwambia, mkono wangu una ngazi mbili," anasema Bistra. "Nimebonyeza, sijabonyeza."

Cha tatu kilikuwa chembamba na hakikuwa na waya hata mmoja. Hicho alikipenda. Alikitia mkobani, akapanda basi kwenda vijijini, akawachora wajane jikoni kwao huku supu ya maharage ikichemka. Ndicho kilichokuwa na kituliza mkono. Ndicho alichomchorea Venelin, siku tatu mfululizo, wiki ile aliyofariki, nambari ikiwa thelathini.

Kiangazi kilichopita kishikwambi hicho kilizimika katikati ya kazi, na hakikuwaka tena. Fundi alikifungua, akakifunga, akatoa pole. Mchoro wa Venelin ulikuwa ndani.

Suti ilisalimika. Bistra alikuwa ameihifadhi mahali patatu, ikiwemo kompyuta ya benki anakofanya kazi Ralitsa huko Zaragoza, kinyume cha sheria za benki. Tai nayo ilisalimika. Nakala ya mumewe hakuwa nayo hata moja.

"Suti ilikuwa kazi," anasema polepole. "Venelin hakuwa kazi. Sikufikiria."

Kwa hiyo sura ya Venelin iliyotoka kwenye mkono ule mzuri ipo mahali pamoja tu duniani, kwenye jiwe. Kuipiga picha hakusaidii. Jiwe jeusi lililosuguliwa humpiga picha mpiga picha. Na jiwe halisuguliwi nusu. Upande wa Bistra ukiharibika, hakuna kifutio ila kulisaga lote, na Venelin atasagika pamoja na kosa la mkewe.

Krastyo alipendekeza sura ichomwe kwenye kigae cha kauri, kisha kigundishwe tu.

"Mimi si sahani," alijibiwa.

Kishikwambi cha nne, hiki cha sasa, Krastyo alikinunua Septemba kwa leva elfu nne na mia mbili. Mshahara wa Bistra ni leva elfu moja na mia moja. Kinatambua uso popote ulipo, kinafumbua macho, kinaondoa samaki. Kilipofika, Krastyo alisimama nyuma ya shemeji yake kuona fedha zake zikifanya kazi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kitu kipya huja na kituliza mkono kikiwa sifuri.

Bistra alianza kuchora nywele za bibi mmoja. Kilichotokea kwenye kioo, kwa maneno ya Krastyo, kilikuwa kama kuku aliyepita kwenye masizi.

"Shemeji, umekunywa?" akauliza.

"Saa tatu asubuhi?"

"Venelin alikuwa akianza saa mbili."

"Mimi si Venelin. Chomeka chaja."

"Chaja inahusu nini na—"

"Krastyo, chomeka chaja!"

Krastyo akachomeka. Alipogeuka, Bistra alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia, kama mtu anayeficha sigara kwa mwalimu.

"Utoe."

Akautoa. Wote wawili wakautazama ukitetemeka juu ya meza. Kisha Krastyo, ambaye aliacha kuvuta miaka sita iliyopita, akatoka nje, akaomba sigara duka la mishumaa, akairudisha nusu.

"Tangu lini?" akauliza aliporudi.

"Tangu arobaini," akajibu Bistra.

Hakufukuzwa siku hiyo. Atafanya kazi hadi Krismasi. Kuanzia Januari, picha zitatumwa kwa watu wa mji mwingine wenye programu inayochora sura yenyewe, leva ishirini kila moja, na kishikwambi kitauzwa kusaidia mkopo wa mashine. Krastyo anayaeleza haya akiitazama mashine, si mtu.

"Si ubaya," anasema. "Kaka angekuwa hai, angenipiga. Lakini angeniuliza pia mkopo nitalipa na nini."

Saa mbili kasoro robo, mlango unasukumwa na fimbo. Anaingia Bibi Nedyalka wa kijiji cha Pavolche, miaka sabini na minane, kilemba cheusi, mkononi mfuko wenye banitsa ya moto, andazi la jibini na siagi, kwa ajili ya "watoto", yaani Bistra na Krastyo. Amekuja kumkagua mumewe. Ndiye yule mwenye samaki.

Bistra anamgeuzia kishikwambi. Bibi anavaa miwani, anasogea, anarudi nyuma.

"Pencho ana suti ya nani?"

"Ya ofisi, bibi."

"Akiniuliza aliipata wapi nimwambie nini?" Anasogea tena. "Na tai hii anayo marehemu Gatyo wa posta! Nimeiona kwa macho yangu, safu ya nne."

"Wanapokezana, bibi."

"Gatyo hampi mtu kitu. Hata chumvi." Bibi anaweka kidole juu ya kioo, na kwa kidole hicho anampa Pencho doa kubwa la siagi kwenye paji. "Mwanangu, huyu si yeye."

Chumba cha nyuma mashine imesimama. Krastyo ametoa kichwa mlangoni.

"Macho," anasema bibi. "Umemfanya kama yuko macho kote kote."

Ni kweli. Kwa sababu ya lile jua la mtoni, kishikwambi kilijitolea kumfumbua, kikampa macho mawili sawasawa, mazuri, ya mtu mwingine.

"Pencho jicho la kushoto lilikuwa linasinzia. Limezaliwa hivyo. Siku ya dansi pale shuleni alinikonyeza, nikaringa wiki nzima, nikakataa wawili, nikaolewa naye. Baada ya harusi ndipo mama yake ananiambia, yule humkonyeza hata ng'ombe." Bibi anavua miwani. "Miaka hamsini na minne nimekonyezwa. Sasa unaniletea huyu ananikodolea."

Bistra anatazama saa ya ukutani. Dakika kumi zimebaki katika muda wake mzuri. Anaifuta kazi ya kishikwambi, anaegemeza kiganja juu ya kioo, anashusha pumzi. Mstari unachelewa. Kwenye tisini na mbili, kalamu inatangulia, mstari unakuja nyuma kama mtoto aliyenuna. Kope ya kushoto inateremka kidogo. Bado. Kidogo tena.

"Hapo! Usimguse!" Bibi Nedyalka anapiga fimbo sakafuni. "Huyo. Mshenzi huyo."

Analia kwa muda, bila fujo. Kisha anakula kipande cha banitsa aliyowaletea wengine, na kuuliza kama upande wake anaweza kupewa hereni.

"Unazo, bibi?"

"Pencho ana suti?"

Akapewa hereni.

Alipoondoka, Krastyo alibaki pale mlangoni. Alisema programu ya Januari isingejua habari za kope. Bistra alisema programu haina kosa, haikualikwa kwenye dansi.

Jumapili ni baridi, na ukungu umekaa juu ya makaburi hadi kiunoni. Zimebaki siku sita kabla ya Jumamosi ya Marehemu. Saa moja asubuhi, Bistra anatandika mfuko wa nailoni juu ya kigoda mbele ya jiwe la Venelin na kukaa. Kishikwambi ameazimwa na shemeji yake kwa asubuhi moja, pamoja na maagizo kumi kuhusu unyevu.

Amejaribu mara nne kujichora nyumbani kwa kioo cha bafuni. Kwenye tisini na mbili anatoka mwanamke laini, asiye na umri, mpokezi wa hoteli. Kwenye sifuri hatoki mtu yeyote.

Hapa hahitaji kioo. Upande mtupu wa jiwe umesuguliwa hadi unang'aa, na uso wake umo ndani, mweusi, kando ya uso wa mumewe. Miaka minne amekuwa akija hapa akijiona hivyo, na kuona watu wawili.

Kwa mkono wa kushoto anakisogeza kitufe. Tisini. Sabini. Hamsini. Anakiacha thelathini, pale kilipokuwa wiki ile.

"Yeye nilimchora kwa thelathini," anasema. "Siwezi kwenda kulala karibu naye kwa tisini na mbili. Hatanijua."

Anachora kwa dakika arobaini na tano. Anaanza na macho, kama alivyofundishwa. Mtetemo unaonekana. Umo kwenye nywele, ambako hauna madhara, na kwenye shingo, ambako unafanana na ngozi. Kwenye kidevu kalamu inaruka, inatoka nje ya uso kabisa. Anafuta. Inaruka tena. Mara ya tatu anaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na mikono yote miwili inakizunguka kidevu polepole, na mstari unatoka umekatika mahali pawili. Anauacha. Dakika mbili baadaye kalamu inamponyoka na kuangukia kwenye mishumaa ya wiki jana. Haiokoti mara moja.

Krastyo anafika saa mbili na nusu, amebeba mashine ndogo ya kuchongea mahali jiwe lilipo. Anapokea kishikwambi, anakipangusa kwanza kwa koti, ndipo anatazama. Anatazama kwa muda mrefu kuliko desturi yake.

"Shemeji. Kidevu kimetetemeka."

"Nimekiona."

"Nikilainishe kidogo? Mguso mmoja tu."

"Ukikilainisha nitakuja kukutoa usingizini."

"Utakuwa umekufa."

"Ndiyo maana nasema."

Krastyo anacheka, kisha hacheki. Anamkumbusha kwamba sindano ikishaanza hakuna kurudi, na kwamba aliye upande wa pili ni kaka yake pia. Anauliza kama ana hakika. Bistra anasema hana. Anasema kwamba Jumapili ijayo atakuwa na hakika kidogo zaidi na mkono mdogo zaidi, na kwamba afunge mashine sawasawa, isije ikateleza upande wa Venelin.

Anaifunga. Anapima mara tatu. Sindano inashuka na kuanza kudonoa kutoka juu, penye nywele, ikiurudia kila mtetemo wa Bistra bila yenyewe kutetemeka.

Mipango yake baada ya Krismasi ni michache. Pensheni ya ugonjwa, kama tume ya madaktari itakubali. Zaragoza kwa mwezi mmoja, kama Ralitsa atapata likizo. Suti amemwachia Krastyo bure, kwa sharti kwamba asiitoze watu wa kijijini. Jumamosi atakuja hapa na ngano ya kuchemsha na chupa ya divai, atajipangusa vumbi usoni, na atatazama kama wale wawili wanafahamiana.

Saa nne na nusu sindano imefika machoni. Krastyo anainama kuweka alama ya penseli chini, mahali pa miaka, na kumwuliza Bistra kama atamchorea sasa umbo la tarakimu za mwaka wa kufa, ili siku ile ikifika ziwe tayari.

"Huo mwaka chonga wewe mwenyewe," anasema Bistra, mkono wa kulia ukiwa mfukoni. "Nambari hazifanani na mtu."